Gavana wa Pampu: Fuso la Korogwe na Mashine ya Mjomba

Haya jamani, nimerudi. Wiki nane sikuonekana hapa, na wengine mmeshaanza kutuma meseji kuuliza kama nimeacha chuo au nimeoa. Hakuna hata moja. Nilikuwa Korogwe kwenye mafunzo kwa vitendo, yale tunayoyaita PT, na wikiendi nyingine nilikuwa Handeni kwa mjomba. Sasa nipo Mabibo, bumu halijaingia, chumba kizima tunaishi kwa unga niliokuja nao kutoka Handeni (nitaueleza huko chini), na nina muda wa kuandika.

Kila ninayekutana naye pale Mlimani ananiuliza swali lile lile: "Enhe, umejifunza nini huko?" Nikijibu kwamba wiki nane zote zilizunguka skurubu moja watu wanacheka. Lakini ndio hivyo wadau. Skurubu yenyewe iko kwenye pampu ya dizeli, upande wa gavana. Kiwandani inafungwa waya mwembamba na kipande cha risasi kilichopigwa muhuri, ili mtu asiiguse. Na wateja wanaokuja gereji wakitaka iguswe ni wengi kweli kweli.

Kwa wale mnaosoma Sheria, Sosholojia na mambo mengine yasiyopaka grisi, ngoja nieleze kidogo. Injini ya petroli unaibana kwenye hewa: ukiachia mafuta, kilango cha hewa kinafunga na injini inatulia. Dizeli tunazofungua sisi hazibanwi hivyo. Zenyewe zinavuta hewa yote inayoweza kuingia, wakati wote, na kinachoamua zikimbie au zitulie ni kiasi cha dizeli ambacho pampu inasukuma kwenye nozeli. Sasa hapo ndipo penye kazi. Ukiipa injini dizeli nyingi kuliko mzigo ilio nao, spidi inapanda. Spidi ikipanda inavuta hewa zaidi na pampu inapiga mara nyingi zaidi kwa dakika, basi inazidi kupanda, mpaka kitu kikatike. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kuishika masaa yote. Mtu huyo ndio gavana.

Ndani yake hakuna uchawi. Kuna vyuma vinavyozunguka pamoja na shafti ya pampu, na kuna springi inayovizuia visiruke nje. Spidi ikizidi, vyuma vinaishinda springi, vinavuta fimbo ya kupimia mafuta inarudi nyuma, dizeli inapungua. Spidi ikishuka, springi inashinda, dizeli inaongezeka. James Watt alilitumia wazo hili kwenye mashine za mvuke mwaka 1788. Mwaka 1868 James Clerk Maxwell, yule yule wa hesabu za umeme na sumaku zinazotutoa jasho, akaandika makala nzima kuhusu magavana. Robert Bosch alianza kutoa pampu za dizeli kiwandani mwaka 1927, na pampu tulizokuwa tunazifungua Korogwe ni wajukuu wa zile. Cheo cha gavana kilikoma Tanganyika mwaka 1961, tukafurahi, lakini huyu wa kwenye pampu tumebaki naye! Teh teh.

Ile skurubu kazi yake ni kuzuia mkono wa gavana usivutwe kupita kiwango. Mkono ukivutwa zaidi, springi inakazika zaidi, na springi ikikazika vyuma vinahitaji spidi kubwa zaidi ili viishinde. Kwa hiyo ukiifungulia skurubu mizunguko michache, injini iliyokuwa inakatiwa mafuta kwenye spidi fulani sasa inakatiwa mbele zaidi. Mafundi wanaita kufungua gavana. Wengine wanabadilisha springi kabisa, wanaweka ngumu zaidi. Kazi ya nusu saa, na inalipa vizuri kuliko kubadilisha klachi chini ya lori kwenye matope.

Gereji niliyokuwepo siitaji jina, iko kando ya barabara kuu inayokwenda Moshi na Arusha. Fundi pampu ni mzee mmoja ambaye kila mtu pale anamwita Babu, hata wenye mvi. Wiki yangu ya pili akaja dereva wa Fuso, kijana tu, anabeba machungwa kupeleka Arusha.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba. Gari lina nini?"

"Haliendi Babu. Nikishapita Mombo, pale kwenye tambarare, linafika mahali linagoma. Wenzangu wananipita kama nimesimama. Nifungulie gavana kidogo, kidogo tu."

Babu hakumjibu. Akaniambia mimi niingie chini niangalie mkono wa gavana, halafu akamwambia dereva akanyage mafuta mpaka mwisho. Dereva akakanyaga. Nikaona mkono unakuja, unakuja, unasimama kabla ya kuigusa skurubu, umebakiza nafasi ya kupitisha kidole. Kebo ya mafuta ilikuwa imelegea. Yaani huyu bwana alikuwa analalamikia gavana ambaye hajawahi kukutana naye! Tukakaza kebo, tukasafisha na kichujio cha dizeli, dereva akaenda nalo kulijaribu njia ya Mombo. Akarudi anacheka meno yote nje.

Mngedhani hapo mambo yameisha. Ah wapi. Alipoona gari limechanganya, hamu ndio ikazidi. "Babu, sasa malizia na ile skurubu. Nusu mzunguko tu."

Babu akasema hapana. Dereva akataja hela. Babu akasema hapana tena. "Kijana wangu, huo muhuri nikiukata mimi, likitokea la kutokea huko mbele, mkono uliokata ni wangu. Nimekurudishia gari kama kiwanda kilivyolitoa. Linakutosha."

Dereva akalipia kebo, akaondoka amenuna. Siku mbili baadaye nikaliona Fuso lile lile kwenye gereji nyingine, kabini imeinuliwa, na watu wawili wameinamia upande wa pampu. Vijana wenzangu wa gereji wakaanza kunung'unika kwamba Babu anafukuza wateja. Na siwalaumu, maana wao wanalipwa kwa kazi zinazoingia. Siku ambayo haikuingia kazi wanakula chapati moja na chai ya rangi.

Usiku ule nikachukua daftari. Nilitaka nijue Babu alikuwa anakataa nini hasa, kwa namba. Nikaanza na barabara. Tuseme gari linalokwenda 80 kwa saa umelifungulia likaenda 88. Umeongeza asilimia 10 tu. Lakini nguvu ya mwendo inakwenda kwa kipeo cha pili cha spidi, kwa hiyo imeongezeka asilimia 21, na breki ni zile zile, kwa hiyo umbali wa kusimama nao unaongezeka asilimia 21. Na 80 sikuitoa hewani: ndio kikomo cha mabasi na magari yanayozidi kilo 3500 kwenye Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973. Pia kuna jambo ambalo madereva wengi hawalijui. Gavana anakata mafuta tu, hana breki. Ukiwa unateremka kutoka Lushoto kuja Mombo ukaweka gia isiyofaa, matairi yanaweza kuizungusha injini kupita kiwango na gavana akabaki anatazama tu, maana mafuta ameshakata yote.

Halafu nikaingia ndani ya injini, na huko ndiko kulikonitia baridi. Nikachukua injini moja ninayoijua vizuri, ile ya Kichina ya silinda moja, S195. Wengi mmeiona kwenye mashine za kusaga na kwenye zile trekta ndogo za kusukuma kwa mkono. Ina nguvu ya farasi 12, pistoni ya milimita 95 inayosafiri milimita 115, na kiwanda kimeipangia mizunguko 2000 kwa dakika. Kila mzunguko pistoni inasimama mara mbili, juu na chini, halafu inageuka. Yaani kwa dakika moja inasimama mara 4000. Pale juu, kila kilo moja ya chuma kinachopanda na kushuka inaivuta konrodi kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 300. Ukiipeleka injini hiyo kwenye mizunguko 2400, inazidi kilo 450. Umeongeza spidi kwa asilimia 20, bolti za konrodi zimeongezewa kazi kwa asilimia 44. Flaiwili nayo hesabu ni hiyo hiyo, na flaiwili ni chuma cha kumimina, kikichoka hakipindi kwanza kikakuonya, kinapasuka.

Wapo wanaofanya mambo haya kwa mpango. Huko Marekani wenye pikapu za Dodge Ram za mwaka 1994 mpaka 1998, zile zenye injini ya Cummins ya valvu 12 na pampu ya Bosch, wananunua seti za springi za gavana ili injini ipite mizunguko 3000. Kwenye mashindano ya matrekta ya kuvuta mizigo wanakwenda mbali zaidi ya hapo. Lakini fuatilia wanachofanya: wanaojua kazi wanabadilisha na springi za valvu, kwa sababu kwenye spidi kubwa zile za kiwanda zinachelewa kuzifunga valvu, na valvu ikichelewa inaweza kukutana na pistoni. Wakizidi kupandisha wanagusa konrodi, wanagusa flaiwili. Yaani skurubu kwao ni kitu cha mwisho kwenye orodha ndefu. Sisi tunafanya cha mwisho peke yake na kusema tumemaliza.

Sasa nije kwa mjomba, maana huko ndiko lilikonigusa mimi mwenyewe.

Kutoka Korogwe kwenda Handeni ni kama kilometa 65, lami tupu, unapanda Noah asubuhi na saa nne umeshafika. Mjomba yuko kijijini, upande wa Sindeni, na ana mashine ya kusaga inayozungushwa na S195, ndio maana nikasema naijua. Mashine hiyo ndiyo iliyonisomesha sekondari. Mama aliniambia waziwazi nisije nikasahau: daftari zako, nauli zako, zile sare mbili, zote zimetoka kwenye debe la mahindi la watu.

Mjomba akanipigia simu Jumatano. Tunaitana mjomba kwa mjomba, sisi ndivyo tulivyo.

"Mjomba, hiyo PT yako si ya mainjini?"

"Ndio mjomba."

"Basi njoo Jumamosi. Mashine imekuwa mzee. Kuna kijana huku wa kutengeneza pikipiki anasema ataifungulia gavana, ataiwekea na springi nyingine ngumu, itakwenda mbio. Nimemwambia nina mpwa wangu anasomea, nimsubiri kwanza."

Nikaomba kipima mizunguko kwa Babu. Akanipa, ila akasema nisipokirudisha nimlipe kwa figo.

Nilipofika nikaona kwa nini mjomba ana haraka. Umeme wa REA umefika kijiji cha jirani, na mtu ameshafunga mashine ya mota. Mota ile inazunguka chini kidogo ya mizunguko 1500 kwa dakika, asubuhi mpaka jioni, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50 na hakuna kijana wa pikipiki anayeweza kuukaza. Mwenye mota anasaga haraka, na unga wake ni laini. Kina mama wa kijijini kwa mjomba wameanza kupakia viroba kwenye bodaboda kwenda huko. Binti wa mjomba anaanza kidato cha tano, bweni, na orodha ya vitu vya kwenda navyo ni kurasa mbili. Kwa mjomba hii haikuwa habari ya ufundi kabisa. Ilikuwa hela ya godoro na tranka.

Na kabanda kenyewe ni kadogo. Foleni ya kusaga inapita ubavuni mwa injini, upande ule ule wa flaiwili. Nilihesabu watu tisa wamesimama pale, wawili wana watoto mgongoni. Nikikumbuka zile asilimia za kwenye daftari nilikuwa sina raha.

Basi nikapima. Injini ikiwa haina kazi, mkono wa mafuta umevutwa mpaka mwisho: 2150. Hiyo ni sawa kabisa, gavana wa aina hii huacha spidi ishuke kidogo mzigo unapoingia, ili ifike kwenye ile 2000 ya kiwanda. Nikamwambia kijana wa mashine amimine mahindi. Mlio ukazama, moshi mweusi ukatoka, nikasoma: 1600. Ukimpunguzia mahindi inapanda, ukijaza inazama tena kule kule.

Sasa wadau, hapa ndipo ninapotaka mnisikilize, hata nyie wa Sosholojia. Injini ikiwa kwenye 1600 na gavana amewekwa kwenye 2000, gavana anafanya nini? Anatoa mafuta yote aliyo nayo. Ameshaona spidi iko chini, springi imeshinda, fimbo ya mafuta imesukumwa mpaka mwisho. Hakuna alichoficha. Ule moshi mweusi ndio ushahidi wenyewe: dizeli ni nyingi kuliko hewa, mpaka nyingine inatoka bila kuungua vizuri. Ukiikaza springi hapo, chini ya mzigo hupati kitu, kwa sababu fimbo haina pa kwenda. Utapata kitu wakati mmoja tu: mahindi yakiisha. Debe moja limekwisha, mama anayefuata anafungua kiroba chake, mashine haina kazi... hapo ndipo injini itaruka kutoka 1600 mpaka 2500, huku foleni imesimama ubavuni. Yaani spidi unaipata pale ambapo huihitaji, na pale unapoihitaji huipati.

Nikamweleza mjomba. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Lakini mjomba, ya jamaa wa kule bondeni wameifungulia, na mimi nimeisikia kwa masikio yangu. Inalia!"

"Inalia ikiwa na mahindi au ikiwa tupu?"

Akanyamaza. Halafu akacheka. "Ikiwa tupu."

"Ikiwa na mahindi je?"

"Inalia kama hii yangu."

Nilimpenda sana mjomba pale, maana angeweza kusema wewe mtoto wa juzi unanifundisha nini. Badala yake akauliza, "Basi kama si gavana, ni nini kinachonila?"

Tukaanza kutafuta, na ikachukua siku nzima. Kwanza kichujio cha hewa. Injini inakaa chumba kimoja na kinu, kwa hiyo hewa inayovuta ni nusu unga. Kichujio kilikuwa kimegandamana kama ugali wa juzi. Tukakiosha, na tukatoboa ukuta wa bati tukapitisha bomba ili injini ivute hewa ya nje. Pili mkanda. Ulikuwa umelegea na unateleza kwenye puli mzigo ukiingia, ukiushika una moto. Tukaisogeza injini nyuma tukaukaza. Tatu nyundo za kinu. Hizi ni vyuma bapa vinavyopiga mahindi, na pembe zake zilikuwa zimelika zikawa mviringo kama sabuni ya gesti. Nyundo butu hazivunji punje, zinaisukuma tu izunguke ndani mpaka ichoke, na injini ndiyo inayolipia mizunguko yote hiyo. Uzuri wake nyundo zina pembe nne na tulizokuwa nazo zilikuwa zimetumika upande mmoja. Tukazigeuza, zile zinazotazamana kwenye ekseli tukaziweka zenye uzito unaolingana ili kinu kisitetemeke. Nne nozeli. Hii sikuitengeneza mimi. Niliifunga kwenye kitambaa nikaipeleka Korogwe Jumapili jioni, Babu akaipima, ilikuwa inakojoa badala ya kunyunyiza (maneno yake, sio yangu). Akaisafisha na kuirekebisha, nikairudisha Jumamosi iliyofuata.

Tulipomaliza nikapima tena. Tupu: 2150, ile ile, sikuigusa skurubu. Yenye mahindi: 1920. Moshi umekuwa wa kijivu hafifu. Mjomba alikuwa na hesabu yake mwenyewe isiyohitaji kipima mizunguko. Kabla, kwa saa moja alikuwa anasaga madebe sita kwa taabu. Jumamosi ile akasaga tisa. Na dizeli ya lita moja ikasaga mahindi mengi kuliko zamani, jambo ambalo springi ngumu isingempa hata ungeikaza mpaka ikatike.

Kuna kitu kingine nilikiomba na kikakubaliwa shingo upande: foleni ihamie upande wa pili, na mbele ya flaiwili tukaweka kizuizi cha bati nene na mbao. Kijana wa mashine analalamika kwamba sasa akitaka kuiwasha kwa hendeli lazima azunguke. Azunguke.

Yule kijana wa pikipiki naye alikuja kuangalia. Nilidhani atakasirika kukoseshwa kazi, kumbe alikuwa na maswali. Akachukua kipima mizunguko akapima mwenyewe, tupu na yenye mahindi, mara tatu. Ana mkono mzuri kuliko wangu, bomba la hewa ndiye aliyelichomelea, na bolti zinazotetemeka anazisikia kabla hujazishika. Kitu alichokosa ni kifaa cha kupimia na mtu wa kumwambia ile namba ina maana gani. Nikafikiria vifaa vinavyokusanya vumbi maabara kwetu, na huyu anakadiria injini kwa sikio. Nimemwachia namba ya Babu.

Nikarudi Korogwe kumalizia wiki zangu. Babu nilimpa matokeo yote, akauliza swali moja tu: "Muhuri?" Nikamwambia sijaugusa. Akaendelea kunywa chai. Kwenye fomu ya PT aliniandikia mstari mmoja, "anapima kwanza", akasaini. Msimamizi wa chuo akauliza hayo ndio maoni gani. Mimi naona yanatosha.

Kwa hiyo wenzangu mnaokwenda PT mwaka huu, akija mtu anataka umfungulie gavana, mwulizeni kwanza injini inafika kwenye spidi yake ya kiwanda ikiwa na mzigo? Kama haifiki, gavana hana kesi, tafuta hewa, tafuta nozeli, tafuta kebo, tafuta kinacholika huko mbele. Kama inafika na bado anataka zaidi, basi anachotaka ni injini nyingine, na hiyo inauzwa dukani. Kama ni kinu ndicho kinachotaka spidi na injini ina nguvu ya ziada, kuna puli: badilisha ukubwa wa puli kinu kizunguke haraka, injini ibaki kwenye 2000 yake. Ila soma na kikomo cha kinu, maana nacho kina vyuma vinavyotaka kuruka nje.

Sasa nina kazi nyingine, na hapa naomba msaada wenu. Mjomba amepiga simu juzi. Unga anasaga, wateja baadhi wamerudi (na kiroba tunachokula hapa Mabibo ndio shukrani yake), binti ameshaondoka na tranka lake. Lakini nguzo za umeme zimefika mita kama mia tatu kutoka kwenye kabanda, na ananiuliza: "Mjomba, niuze injini ninunue mota, au nibaki na zote mbili?" Hilo haliko kwenye daftari langu. Mnaosoma umeme, nahitaji mtu wa kunisaidia hesabu ya mota ya kuzungusha kinu cha farasi 12, kuiwasha inavuta kiasi gani na uniti ngapi kwa debe. Nimemwahidi jibu kabla ya UE kuanza. Nipo Mabibo, unga upo, mboga uje nayo.